Shilingi 500 za Kinga

Jumatatu ya tarehe 15 Mei 2017 nilifika kazini saa moja kasorobo asubuhi nikamkuta Mdosi ameketi kwenye ngazi, nje ya saiba yake mwenyewe, funguo mkononi. Hakuwa amefungua. Alikuwa akisoma simu huku amekunja uso kama mtu aliyeletewa bili ya hospitali.

"Usiguse kitu," akaniambia. "Wanasema ukiwasha tu, kwisha."

Saiba yetu ilikuwa orofa ya pili ya jengo moja la River Road, si mbali na pale Latema inapoingilia, juu ya duka la spika na chini ya studio ya kurekodi nyimbo za injili. Kompyuta tisa, printa mbili, mashini ya kulamineti, na kiti cha plastiki mbele ya shuka jeupe kwa ajili ya picha za pasipoti. Watu walikuja kwetu na kila kitu ambacho serikali imehamishia mtandaoni: ritani za KRA, fomu za HELB, leseni za NTSA. Wengine walikuja kuulizia vile vyeti ambavyo vimeipa River Road jina nchi nzima, tukawaambia washuke ngazi waulize kwingine. Mimi nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimeingia chuo kikuu Septemba iliyotangulia, Januari wahadhiri wakagoma, nikaja Nairobi kukaa kwa binamu yangu Kawangware "mpaka mgomo uishe." Mgomo uliisha Machi. Mimi sikurudi. Sababu ni karo, na sababu nyingine si za leo.

Wikendi hiyo nzima ujumbe mmoja ulikuwa umezunguka kwenye simu. Usiwashe kompyuta Jumatatu. Usifungue barua pepe yoyote. Mtumie kila umpendaye. Mimi niliupata mara nne: kwa grupu ya familia, kwa grupu ya kanisa la mama, kwa wenzangu wa chuo, na kwa Mdosi mwenyewe saa tano usiku. Kwenye runinga walikuwa wakituonyesha hospitali za Uingereza zikirudisha wagonjwa nyumbani, na ile skrini nyekundu yenye saa inayohesabu kurudi nyuma. WannaCry. Mafaili yako yanafungwa, kisha unadaiwa kikombozi cha dola 300, wakati huo kama elfu thelathini na moja za Kenya. Europol walisema kompyuta zaidi ya 200,000 zimeshikwa, katika nchi 150. Mamlaka ya Mawasiliano hapa kwetu nayo ikatoa tahadhari kupitia kitengo chake cha KE-CIRT.

Hakuna uongo katika hayo. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu ninachokwenda kulalamikia si uongo.

Tulifungua saa nne. Mdosi alichomoa waya wa intaneti, tukabaki kupiga fotokopi. Kufikia saa sita alikuwa amehesabu hasara yake mara tatu. Ndipo mimi, kijana wa kompyuta, mwenye muhula mmoja wa chuo kichwani, nikatoa wazo. Nilichukua karatasi ya A3 na kalamu nene nikaandika: KINGA YA WANNACRY. 500/= TU. UNANGOJA. Nikaibandika mlangoni chini, kando ya spika.

Watu walikuja, bana. Laptopu kumi na moja kwa siku mbili.

Sasa nieleze kinga yenyewe ilikuwa nini. Nilikuwa nakopi mafaili ya mteja kwenye flashi, nafomati mashini, naweka Windows 7 kutoka kwa DVD iliyoandikwa kwa maka, naweka antivirusi ya bure, halafu narudisha mafaili. Hatua ya mwisho, ambayo nilifunzwa siku yangu ya kwanza River Road kama mtu anavyofunzwa kufunga mlango wa choo, ilikuwa kuzima apdeti. Kila fundi wa mtaa huo angekueleza sababu. Ya kwanza, apdeti zinakula bando, na mteja akiona bando limeisha kwa usiku mmoja atakuja kukufokea wewe. Ya pili ndiyo kubwa: Windows yetu ilikuwa ya kunyonga. Ukiiruhusu kuongea na wenyewe, siku moja skrini itageuka nyeusi na maandishi madogo pembeni kwamba nakala hii si halali. Kwa hiyo tulizima. Tulizima kwenye zetu tisa na tulizima kwenye kila mashini iliyopita mikononi mwetu.

Mwalimu alikuja Jumanne, siku ile serikali ilitangaza unga wa shilingi 90 kwa pakiti ya kilo mbili. Namkumbuka kwa sababu watu wote waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakibishana kama unga huo utafika madukani, naye peke yake hakusema neno. Alitoka Kangemi na matatu ya 23, laptopu ndogo nyeusi ndani ya mfuko wa Uchumi. Alifundisha Kiswahili shule ya msingi, na wakati wa likizo za shule alikuwa akisomea digrii. Alikuwa ameona habari jana yake usiku. Aliniuliza mara mbili kama mafaili yake yatakuwa salama. Nilimwambia, "Mwalimu, wewe tulia."

Nilikopi folda ya Documents. Nilikopi kila kitu kilichokuwa Desktop. Nikafomati.

Alirudi Alhamisi. Alisimama mbele ya kaunta, akafungua laptopu, akaigeuza nione. Alikuwa na folda iliyokaa moja kwa moja kwenye C, pale ambapo mpiga chapa mmoja wa Kangemi aliiweka mwaka uliotangulia, naye hakuwahi kuihamisha. Ndani yake mlikuwa na mradi wake wa digrii: sura tatu, na majibu ya hojaji aliyokusanya sokoni kwa miezi. Utafiti wake ulihusu Kiswahili cha matangazo ya kuandikwa kwa mkono, yale ya *nyumba ya kukodisha* na *makaa rejareja*. Alikuwa amebakisha sura mbili. Alitakiwa kuwasilisha Agosti.

Nikaanza kueleza. Nikasema, "Mwalimu, unajua, hiyo folda ilikuwa mahali pabaya, kwa hivyo wakati wa kufomati ikawa imejidiliti..."

"Kufuta," akasema.

"Ndio?"

"Kwa Kiswahili tunasema kufuta. Na haikujifuta. Sema sentensi nzima."

Mdosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Studio ya juu ilikuwa imenyamaza kwa mara moja katika maisha yake.

"Nimefuta kazi yako, mwalimu."

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyesahihisha daftari. Kisha akaniuliza jambo ambalo nimekuwa nikilijibu tangu siku hiyo. "Na uliona wapi kwamba tarakilishi yangu ina huyo mdudu?"

"Kwa habari," nikasema.

"Habari walisema yangu?"

Mdosi alimrudishia 500 zake. Mimi nilijitolea kumpigia chapa kila kitu upya, bure, jioni baada ya kufunga. Alikuwa na nakala ya karatasi ya sura ya kwanza yenye masahihisho ya msimamizi wake. Nyingine tulizitoa kichwani mwake: yeye akisema, mimi nikichapa, yeye akinisimamisha kila mahali nilipoandika Kiswahili cha River Road. Hojaji nyingi hazikupatikana tena. Tulichapa kupita uchaguzi wa Agosti, tukachapa kupita Septemba Mosi Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wenyewe (alinitazama tu neno hilo lilipotajwa kwenye redio), tukachapa mpaka ule wa marudio wa tarehe 26 Oktoba. Muda wa kuwasilisha ulikuwa umempita kitambo. Mtu aliyeacha chuo alikuwa amemchelewesha mwenzake mwaka mzima wa chuo. Kama nimejua kuandika aya iliyosimama, nilijulia pale, kwa deni.

Lakini sehemu mbaya ya habari hii sikuijua mpaka 2019, nilipoanza kuandika makala za teknolojia za kulipwa kwa neno, ikabidi nisome nilichokuwa nikikitaja.

Tundu ambalo WannaCry ilipitia lilikuwa kwenye SMB, ile sehemu ya Windows inayowezesha kompyuta za mtandao mmoja kugawana mafaili na printa. Kwetu ndiyo iliyofanya kompyuta tisa ziprinti kwenye printa moja. Shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lililijua tundu hilo, likanyamaza, likatengeneza silaha ya kulipenya iliyoitwa EternalBlue. Silaha ikaibiwa. Kundi linalojiita Shadow Brokers likaimwaga mtandaoni tarehe 14 Aprili 2017. Na Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha kuliziba mwezi mzima kabla ya hapo, Jumanne ya tarehe 14 Machi.

Tarehe hiyo naijua kwa sababu nyingine. Ndiyo siku madaktari wa Kenya walitia saini kumaliza mgomo wao wa siku mia moja. Magazeti ya kesho yake yalijaa madaktari, na ilikuwa haki. Sidhani kuna mhariri popote Nairobi ambaye angeweka kiraka cha Windows hata ukurasa wa ishirini. Hakuna aliyekuwa ameumia. Mlango uliofungwa vizuri hauna picha.

Tahadhari nyingi za wikendi ile zilitukataza kufungua viambatisho vya barua pepe. Ni ushauri mzuri mwaka mzima, ila mdudu huyu hakuhitaji kufunguliwa na mtu. Alitambaa mwenyewe kutoka mashini moja hadi nyingine kupitia tundu hilo. Pia tuliambiwa wenye shida ni wale wa Windows XP, ya zamani, iliyoachwa tangu Aprili 2014. Baadaye Kaspersky walihesabu wakakuta zaidi ya asilimia 98 ya kompyuta zilizoshikwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inapewa viraka. Maana yake, dawa ilikuwepo na haikunywewa.

Sasa rudi kwenye laptopu ya mwalimu. Chini yake kulikuwa na stika ya rangi, ile yenye namba ndefu. Niliiona nilipoigeuza kutafuta skrubu. Ilikuwa Windows halali, iliyonunuliwa pamoja na mashini dukani, na hakuna fundi wa River Road aliyekuwa ameigusa. Alikuwa akiitumia shuleni kwenye intaneti. Kwa jinsi mashini kama hiyo inavyokaa, apdeti zake zilikuwa zinajiendesha, na kuna kila uwezekano kwamba kiraka cha Machi kilikuwa kimeingia usiku mmoja yeye amelala. Kisha akaona habari, akapanda 23, akanilipa nitoe mfumo ulioshonwa niweke uliochanika. Nikazima na sindano.

Wale wezi wangemdai dola 300 na pengine wangemrudishia kazi yake. Mimi nilichukua shilingi 500.

Nimebishana na binamu yangu kuhusu hili miaka yote. Yeye hufanya IT kwenye kampuni moja Westlands, na hana uvumilivu na watu wanaolia kwamba vyombo vya habari vinatisha watu. "Bila kelele bajeti haitoki," huniambia. Aprili ile alikuwa ameandika barua pepe tatu akiomba ruhusa ya kuzima seva saa mbili tu, usiku, aweke viraka. Hakujibiwa. Ijumaa ya WannaCry, bosi wake alimpigia simu akiwa kwenye kinyozi. "Ile skrini nyekundu kwenye runinga ilifanya kazi ambayo mimi nimesomea miaka minne kuifanya na nikashindwa." Halafu huongeza la kunikata: "Wewe ulisikia kengele ukakimbilia kuuza ndoo zilizotoboka. Kengele ina makosa gani?"

Ana haki zaidi ya nusu. Ukitafuta mwenye lawama kubwa, ni walionyamaza. NSA walinyamaza kuhusu tundu. Microsoft nao walikuwa na kiraka cha XP, lakini kilikuwa cha wateja wanaolipia huduma ya ziada. Wengine walipewa bure tarehe 13 Mei, moto ukiwa umeshawaka. Siku iliyofuata rais wa kampuni hiyo, Brad Smith, akaandika kwamba serikali kuibiwa silaha za aina hii ni kama jeshi kuibiwa makombora ya Tomahawk. Maneno mazito, na ya kweli, na yanayoelekeza kidole nje ya ofisi yake. Kati ya wote hao, mwandishi wa habari aliyepiga kelele ndiye mwenye kosa dogo.

Lakini mimi nadhani kelele ina anwani. Binamu yangu aliisikia akiwa na kiraka mkononi, akisubiri tu mlango ufunguliwe. Mwalimu aliisikia jikoni Kangemi, hana lolote la kufanya nayo ila kuogopa, na woga ukimshika mtu saa tatu usiku humtafutia fundi kufikia asubuhi. Sentensi moja ingemtosha: kama Windows yako ni halali na apdeti hazijazimwa, yaelekea uko sawa, bonyeza hapa uhakikishe, kalale. Sikumbuki kuisikia sentensi hiyo popote wikendi ile. Na kwa sisi wa Windows ya kunyonga, ambao hatukuwa wachache, hakukuwa na sentensi kabisa. Kila ushauri ulianza na "sasisha mfumo wako," kana kwamba tulikuwa tumesahau tu.

Kuna kijana mwingine ninayemfikiria. Marcus Hutchins, Mwingereza wa miaka 22, naye hakuwa na digrii. Alikuta ndani ya mdudu yule jina la tovuti ambayo haikuwa na mwenyewe, akalisajili kwa dola 10.69, na WannaCry ikasimama. Alitumia jina la bandia mtandaoni kwa sababu za kazi yake. Magazeti ya kwao yakamfukua ndani ya siku chache, jina, picha, nyumba ya wazazi. Agosti akakamatwa Las Vegas kwa programu mbovu alizoandika akiwa mdogo, akakiri makosa, na mwaka 2019 jaji akamwachilia kwa muda aliokwisha kukaa. Sisemi walikosea kuandika habari zake. Nasema tu kwamba waliokuwa na haraka ya kutuonyesha sura yake hawakuwa na haraka hiyo kutuonyesha mahali pa kubonyeza.

Mwaka 2025 zamu ilikuwa yangu. Tovuti moja ninayoiandikia iliniomba makala kuhusu Windows 10, ambayo Microsoft wameacha kuipa viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Elfu moja mia tano kwa makala. Niliandika taratibu, nikimfikiria mtu mmoja jikoni. Nilisema kompyuta haifi siku hiyo. Nilisema kuna mpango wa kuongezewa viraka mwaka mmoja zaidi, na kwamba unaweza kuupata bila kulipa ukihifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Nilisema Windows 11 haikubali mashini nyingi za zamani, na hizo ndizo laptopu za ex-UK ambazo nusu ya jamaa zangu wanatumia, pamoja na hii ninayoandikia. Kichwa changu kilikuwa: "Una Windows 10? Fanya hivi kwanza."

Mhariri akanirudia usiku. Watu hawabofyi hiyo, alisema. Ikatoka ikiitwa "Kompyuta Yako Inakufa Oktoba 14." Nilimwandikia ujumbe mrefu wa kukataa. Kisha nikaufuta, kwa sababu kodi ya Uthiru hulipwa tarehe tano, nikamtumia namba yangu ya M-Pesa.

Juzi nilikuwa River Road kununua chaja. Saiba ya Mdosi haipo tena, pale kuna duka la wigi. Lakini mlangoni chini, kando ya spika ambazo bado zipo, kuna kijana ana meza, laptopu tatu zimefunguliwa, na karatasi ya A3 iliyoandikwa kwa kalamu nene: WINDOWS 10 IMEKUFA. TUNAWEKA 11. 500/=.

Bei haijapanda. Kila kitu kingine Nairobi kimepanda.

Nilisimama pale nikijifanya naangalia chaja zake. Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anangoja, mkoba mapajani. Skrini ya laptopu yake ilikuwa imefika pale inapouliza uchague diski ya kufomati.

"Na mafaili yake?" nikamuuliza kijana.

"Niko nayo kwa flashi, boss. Documents na Desktop."

Mama akaniangalia. Mimi nikavuta stuli.